Siku moja ya baiskeli vijijini Ufaransa: uende Loire, Bourgogne au Luberon?

Kila Mei ikikaribia, swali ni lilelile kutoka kwa ndugu na marafiki wanaokuja Ulaya kwa masomo, kwa kazi au kutembelea jamaa: "Nitakuwa na siku moja tu ya mapumziko. Nataka kuendesha baiskeli vijijini, nione mashamba na makanisa ya kale, nile mkate wa huko. Niende wapi?" Huu ni mwaka wangu wa tisa Lyon. Nimezaliwa Tanga, mji wa baiskeli, na sehemu kubwa ya likizo zangu za hapa zimeishia kwenye tandiko, katika maeneo matatu ninayoyalinganisha hapa.

Uzuri usikuhangaishe, maana yote matatu ni mazuri na picha za mtandaoni hazidanganyi. Kinachoamua kama siku itakuwa tamu au chungu ni mambo matano: mlima, upepo, maji ya kunywa, saa ya chakula, na treni ya kurudi. Nimeona watu wenye afya zao wakirudi hoi kutoka Luberon, na nimeona mama wa miaka 61 akirudi kutoka Bourgogne akiuliza kesho tunakwenda wapi.

Loire: mto ubavuni na upepo mgongoni

Njia ya La Loire à Vélo ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy karibu na Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye ufuko wa Atlantiki. Nayo ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ya baiskeli inayovuka Ulaya kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Wewe una siku moja, kwa hiyo kazi ni kuchagua kipande.

Wengi huchagua Blois hadi Chambord, kilomita 20 hivi kwenda. Kasri la Chambord lilianza kujengwa mwaka 1519, enzi za mfalme François wa Kwanza, na ukuta unaozunguka msitu wake una urefu wa kilomita 32. Ukilifika kwa baiskeli, paa lake linachomoza juu ya miti kama mji mdogo. Lakini mchana wa Julai utakuta mabasi yamejipanga na foleni ya tiketi, na nusu ya siku itaishia ndani ya kasri. Kama ombi lako ni kasri, nenda, hutajuta. Aliyeniambia anataka vijiji mimi humpeleka Saumur.

Stesheni ya Saumur iko upande wa kaskazini wa mto. Unavuka daraja, unapita kisiwani, unavuka daraja la pili, na mbele yako mji umekaa chini ya kasri lake jeupe. Kutoka hapo unaufuata ukingo wa kusini kuelekea mashariki: Souzay-Champigny, Parnay, Turquant, Montsoreau, halafu Candes-Saint-Martin. Ni kama kilomita 15 tu, na bado mtu anaweza kutumia saa nne humo bila kuchoka. Sababu ni jiwe. Jiwe la huku huitwa tuffeau: ni jeupe na laini, ukilikwaruza kwa ukucha unga wake unabaki kidoleni. Kwa karne nyingi watu walilichimba kujengea makasri na makanisa, na mashimo yaliyobaki wakayageuza kuwa nyumba, maghala ya mvinyo na mashamba ya uyoga. Utaona mlango wa mbao, dirisha lenye pazia na sufuria ya maua, vyote vimechongwa kwenye ukuta wa kilima.

Pale Souzay njia ya baiskeli yenyewe inaingia ndani ya mwamba. Mara ya kwanza nilidhani nimepotea. Jua la nje lilikuwa kali, nikakunja kona, na ghafla mwanga ukapungua, baridi ikanishika mikononi, sauti ya mnyororo wangu ikawa inarudi kutoka kwenye dari. Kando yangu kulikuwa na milango na madirisha ya watu wa zamani, mtaa mzima uliojengwa chini ya ardhi. Nilishuka nikasukuma, si kwa sababu ya giza, bali kwa sababu niliona vibaya kupita mbio mahali kama pale.

Candes ni kijiji ambacho Mtakatifu Martin wa Tours alifia mwaka 397. Hapo mto Vienne unaingia Loire, na ukipanda nyuma ya kanisa unaona mikono miwili ya maji ikikutana polepole kati ya visiwa vya mchanga. Mwenye nguvu kidogo aongeze Fontevraud, kama kilomita 5 za kupanda taratibu kutoka Montsoreau. Ni abasia iliyoanzishwa mwaka 1101, ambamo watawa wa kike na wa kiume waliongozwa na mwanamke. Ndani yake kuna makaburi ya malkia Eleanor wa Aquitaine na mwanawe Richard aliyeitwa Moyo wa Simba. Napoleon aliigeuza gereza mwaka 1804, na kuta zake bado zina ukali wa gereza.

Sasa vipimo. Mlima karibu hakuna, ila kuna vipando vifupi pale njia inapopita katikati ya mizabibu ya Parnay na Turquant. Upepo ndio wa kuuheshimu. Kwa kawaida unavuma kutoka magharibi, kutoka baharini, na kwenye kingo tupu za mto hakuna cha kuuzuia. Watu wengi hufikiri wakifuata maji kuelekea baharini watateremka kwa raha, wanasahau kwamba mteremko wa mto mkubwa kama huu miguu haiuhisi, upepo inauhisi. Ushauri wangu ni kuanzia Saumur na kumalizia Chinon, kama kilomita 33 kuelekea mashariki, kisha treni ya mkoa hadi Tours. Treni za Chinon si nyingi, kwa hiyo panga siku yako kutokea mwisho: angalia kwanza saa ya treni ya jioni ndipo uamue utakaa muda gani Candes. Yapo maduka ya kukodisha kwenye bonde hili yanayokubali uchukue baiskeli mji mmoja uiache mji mwingine. Uliza kabla ya kulipa.

Chakula cha huku kina jambo la kuangalia kwa asiyekula nguruwe. Fouée ni vimkate vinavyookwa kwenye tanuri la kuni, vinavimba kama mfuko, halafu unavijaza mwenyewe mezani. Ni vitamu sana na maharage meupe au jibini ya mbuzi, lakini kijazio cha kawaida kabisa ni rillettes, nyama ya nguruwe iliyopikwa hadi ikachambuka. Sema "sans porc" wakati wa kuagiza, usingoje sahani ifike. Jibini ya mbuzi inayoitwa Sainte-Maure de Touraine ina unyasi uliopita katikati yake, usiutafune, uchomoe.

Kutoka Paris hadi Angers ni kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi, kisha unabadili treni kwenda Saumur. Kutoka Lyon ni mbali mno kwa kwenda na kurudi siku moja, lazima ulale.

Bourgogne: reli iliyogeuzwa barabara ya baiskeli

Hapa ndipo penye moyo wangu. Bourgogne ina siku mbili tofauti kabisa, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni njia ya mizabibu, Voie des Vignes, kutoka Beaune hadi Santenay, kilomita 22 hivi. Unapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, majina ambayo mpenzi wa mvinyo huyataja kwa sauti ya chini. Vishamba vya huku huitwa climats, kila kimoja na jina lake na mipaka yake ya tangu zamani, na mwaka 2015 Unesco iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Unaweza kuona vipande viwili vimetenganishwa na njia ya miguu tu, na bei ya chupa ya upande huu ikawa mara kadhaa ya upande ule. Njia ni ya saruji nyembamba kati ya kuta za mawe, kivuli hakuna, na kuna vipando vifupi vingi vinavyokukamata miguu bila kutarajia. Trekta za huku zina miguu mirefu, zinapita juu ya mstari wa mizabibu kama mtu anayeruka mtaro. Hizo barabara ni zao. Ukiisikia inakuja, panda nyasini uisubiri ipite, mpungie mkono dereva.

Kama hunywi, je, njia hii inafaa? Nimejiuliza sana, kwa sababu nusu ya wageni wangu hawanywi. Jibu langu ni kwamba inafaa kwa nusu siku. Kuta, mapaa na mashamba yale yanapendeza, na Beaune penyewe pana Hospices, hospitali ya maskini iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, yenye paa la vigae vya rangi vilivyopangwa kama mkeka. Lakini mwendo wa siku nzima umepangwa kuzunguka milango ya maghala ya kuonja, na asiyeonja anaanza kuhisi anapita tu. Kwa anayeonja, jua kwamba sheria ya pombe inamhusu mwendesha baiskeli kama inavyomhusu mwenye gari: kikomo ni gramu 0.5 kwa lita ya damu.

Siku ya pili ndiyo ninayoipendekeza: Voie Verte, njia iliyotandikwa juu ya reli ya zamani kati ya Givry na Cluny, kilomita 44, iliyofunguliwa mwaka 1997. Treni haziwezi kupanda milima mikali, ndiyo maana reli ikiondolewa na lami ikatandikwa, unabaki na barabara isiyo na mlima wala gari. Majengo ya stesheni bado yapo kandokando, na vinyumba vya walinzi waliokuwa wakifunga geti treni ikija.

Shangazi yangu alikuja kututembelea Mei iliyopita. Alikuwa hajapanda baiskeli kwa miaka kumi na miwili. Anavaa gauni refu na mtandio, na sharti lake la kwanza lilikuwa baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha mnyororo. Hili ni jambo la kuliuliza kwa simu kabla hujafika, maana maduka mengi hupanga mbele zile za wanaume na za milimani. Cluny tuliipata moja. Tukapanga kwenda Cormatin na kurudi, jumla kama kilomita 28.

Mita mia mbili za mwanzo aliyumba. Kisha mgongo ukanyooka. "Mwanangu," akasema bila kugeuka, "mwili hausahau." Tukapita chini ya miti, mto Grosne ukijitokeza na kupotea, ng'ombe weupe wa Charolais wamesimama mlangoni mwa malisho wakitutazama.

Kabla ya Taizé tairi lake la nyuma likaanza kuburuta. Mwiba mweusi wa kichaka cha uzioni ulikuwa umezama mpaka shinani. Viraka ninavyo, gundi ninayo, pampu ninayo, lakini tundu hatukuliona wala kulisikia. Jirani na njia palikuwa na kinyumba kimoja cha mlinzi wa reli, sasa ni makazi, na mzee mmoja alikuwa akimwagilia saladi. Shangazi nilikuwa nimemfundisha neno moja tu la Kifaransa, akalitoa kwa sauti ya kusalimia baraza zima: "Bonjour!" Mzee akatua ndoo, akaja, akaitazama tyubu mkononi mwangu, akarudi kuichukua ndoo ileile na kuiweka mbele yetu bila maneno. Tukaizamisha. Mapovu yakapanda kama uzi. Shangazi akaweka kidole juu ya tundu, mimi nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikaanza kubandika. Akanishika mkono. "Subiri kwanza ikauke. Gundi ya pancha haitaki haraka." Tukasubiri watu watatu, tumeinama juu ya ndoo, hadi gundi ikapoteza mng'aro. Kiraka hicho kipo mpaka leo kwenye baiskeli ya duka lile, nina hakika.

Taizé iko juu ya kilima, dakika chache kutoka njiani. Jumuiya yake ilianza mwaka 1940 na Ndugu Roger, na wasomaji Wakristo wa Nairobi na Kigali huenda wanaifahamu kwa mikutano yake ya vijana iliyofanyika huko mwaka 2008 na 2012. Sala ya mchana ni muda mfupi baada ya saa sita, wazi kwa yeyote. Shangazi yeye aliswali adhuhuri yake chini ya mti wa mjozi pembeni mwa kijiji, na hakuna aliyemsumbua. Cormatin kuna kasri la karne ya 17 lenye bustani na maji pande zote, na uwanja mdogo wa kijiji wenye viti vya nje. Mwenye miguu aongeze kilomita chache za barabara tulivu hadi Chapaize, aone kanisa la karne ya 11 lenye mnara mrefu kuliko kijiji chenyewe.

Kasoro za Voie Verte nizitaje pia. Reli hupenda mstari ulionyooka, na kuna vipande, hasa kaskazini karibu na Buxy, ambako kijana mwenye kiu ya mashindano atachoka na unyoofu. Pia njia hupita chini ya vijiji, si ndani yake. Asiyekunja kona atarudi ameona miti na stesheni tu. Na Cluny haina stesheni ya treni siku hizi: unafika kwa basi kutoka Mâcon au Chalon-sur-Saône. Mwenye baiskeli yake anaweza kutoka Mâcon kwa kunyonga kilomita 25 hivi, akipita handaki la Bois Clair, mita 1,600 ndani ya mlima, ambalo hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya popo wanaolala humo. Beba sweta hata Agosti.

Kwa chakula, omba gougère, vitumbua vidogo vya jibini vinavyookwa hadi vikavimba. Ukikutana navyo vya moto asubuhi kwenye duka la mikate, nunua zaidi ya unavyodhani utakula. Jambon persillé ni nguruwe, lipite.

Luberon: rangi, jua, na vilima visivyosamehe

Luberon iko Provence, kusini, mashariki mwa Avignon. Hii ndiyo Ufaransa ya kalenda: vijiji vya mawe vimekaa juu ya vilima, mashamba ya zambarau ya lavenda, udongo mwekundu wa Roussillon, nyenje wanaolia mpaka masikio yanaziba. Ipo njia iliyowekwa vibao ya kuzunguka eneo zima, kilomita 236. Na ipo njia ya bondeni, Véloroute du Calavon, nayo juu ya reli ya zamani, inayopita upande wa Cavaillon na Apt.

Tatizo liko kwenye sentensi ya mwanzo: vijiji vimekaa juu ya vilima. Bondeni ni tambarare na panapendeza, hasa Pont Julien, daraja la Warumi lililojengwa mwaka 3 kabla ya Kristo na lililobeba magari hadi mwaka 2005. Leo ni la waenda kwa miguu na baiskeli. Ukisimama juu yake unaona Bonnieux upande mmoja na upande wa pili kilima cha Roussillon, na vyote viwili vinakuita uvipande. Kutoka hapo hadi Bonnieux ni kama kilomita 5 au 6, na unapanda zaidi ya mita 200. Nililifanya kosa hilo Julai moja saa saba mchana, chupa moja ya maji, baiskeli ya kawaida yenye gia zilizochoka. Katikati ya mlima nilikaa kivulini mwa ukuta nikisikia mapigo ya moyo kwenye meno. Mama mmoja aliyekuwa akifunga madirisha yake kuzuia joto ndiye aliyenijazia chupa.

Kwa hiyo Luberon chukua baiskeli ya umeme, na uanze saa moja asubuhi. Huo ndio msimamo wangu na sitaubadili. Kwa umeme, kilima kinakuwa furaha: Pont Julien, Roussillon, Gordes kwa mbali, kurudi kabla ya saa sita. Udongo wa Roussillon ni wa kuchorea, uliochimbwa kwa rangi tangu karne ya 18, na vumbi lake litaingia kwenye mnyororo, viatu na mifuko. Usivae nyeupe.

Lavenda ina kalenda yake. Katika bonde la Apt na kwenye abasia ya Sénanque, iliyoanzishwa mwaka 1148, tarajia maua kuanzia nusu ya pili ya Juni hadi katikati ya Julai, kisha mashine za kuvuna zinapita. Kule juu Sault, ambako ni baridi zaidi, huchelewa hadi mwisho wa Julai na zaidi kidogo. Anayekuja Septemba kwa ajili ya zambarau atakuta mistari ya kijivu. Na upepo wa huku, mistral, unashuka kutoka kaskazini kwa nguvu ya kumwangusha mtu na baiskeli yake, ukitangazwa, ahirisha. Majira ya joto pia baadhi ya misitu hufungwa kwa hatari ya moto, angalia ilani ya siku hiyo kabla hujaondoka.

Kwa chakula, Luberon inazishinda zote mbili kwa asiyekula nguruwe: zeituni, matikiti ya Cavaillon, nyanya, samaki wa chumvi na mchuzi wa vitunguu saumu. Soko la Apt ni Jumamosi asubuhi, la Lourmarin Ijumaa. Kutoka Paris ni saa mbili na dakika 40 hivi hadi Avignon, na nusu saa nyingine hadi Cavaillon.

Mambo ya popote uendapo

Saa sita mchana kijiji cha Ufaransa kinafunga. Duka la mikate, duka la vyakula, ofisi, vyote hadi saa nane au zaidi. Mkahawa ukiwepo, jiko linaacha kupokea oda karibu saa saba na nusu. Nunua mkate, jibini na matunda kabla ya saa tano na nusu. Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafunguki kabisa, kwa hiyo siku nzuri ni Jumanne hadi Jumamosi.

Maji: karibu kila kijiji kina makaburi, na karibu kila makaburi yana bomba. Soma kibao. Kikisema "eau non potable" usinywe. Wafaransa wenyewe hujaza hapo, si utovu wa adabu, ila ingia kwa utulivu na usalimie ukimkuta mtu.

Barabarani, kijijini, gari linalotoka kulia kwako mara nyingi lina haki ya kupita kwanza hata kama linatoka kwenye kichochoro. Hili ndilo linalowaponza wageni wetu waliozoea kushika kushoto. Gari likikupita nje ya mji linatakiwa kuacha mita 1.5. Helmeti ni lazima kwa mtoto wa chini ya miaka 12, na simu mkononi au vipokea sauti masikioni ni faini ya euro 135.

Kukodi baiskeli ya kawaida kwa siku ni kama euro 15 hadi 25. Ya umeme kati ya 35 na 50. Usisafiri na baiskeli yako kwenye treni ya kasi kwa siku moja, usumbufu hauna faida. Treni za mkoa huzipokea kirahisi zaidi.

Na mwanga. Atokaye kwetu, ambako jua linazama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hushangaa: Saumur mwishoni mwa Juni jua linatua karibu saa nne usiku. Una siku ndefu mno, lakini aliyefunga au anayengoja magharibi apange ratiba yake akijua hilo.

Sasa chagua

Ukiwa Paris, hujawahi kusafiri kwa baiskeli, na unaweza kilomita 30 bila shida, nenda Saumur hadi Chinon. Kwa siku moja sijui kipande chenye mambo mengi zaidi kwa jasho dogo zaidi.

Ukiwa na mzazi, mtoto, au mtu ambaye hajapanda baiskeli miaka mingi, nenda Cluny hadi Cormatin. Hapo hakuna gari la kumtisha, na akichoka mnageuza mlipofika. Uko Lyon au Dijon? Hata usifikirie kwingine.

Ukiwa na miguu iliyozoea au pesa ya umeme, na tarehe yako iko kati ya katikati ya Juni na katikati ya Julai, nenda Luberon alfajiri. Tofauti na hapo, mwezi Agosti mchana, na baiskeli ya kawaida, sikushauri hata ukinisihi. Mei na Septemba ni nzuri kwa kupanda vilima vyake, ila lavenda usiitarajie.

Shangazi anarudi Septemba. Tumepanga kulala usiku mmoja Saumur, na Jumanne asubuhi tuelekee mashariki na upepo mgongoni. Baiskeli ya kike nimeshaiwekea nafasi. Swali lake la pekee kwenye simu lilikuwa kama ina taa, kwa ajili ya ule mtaa wa ndani ya mwamba. Inayo, nimemhakikishia, ya mbele na ya nyuma.